Watu wa Simu Moja

Mume wangu Muindi ana figo moja. Ya pili iko ndani ya kaka yake Kilonzo, inafanya kazi vizuri, na mimi nilipinga jambo hilo tangu siku ya kwanza hadi siku walipopanda ndege kwenda India. Nilipinga mbele ya mchungaji, nikapinga mbele ya mama mkwe, na ningempinga rais mwenyewe kama angepita hapa Kikima. Nilisema, huyu akifa juu ya meza ya Wahindi, watoto wangu nitawalisha nini? Muindi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wavinya, ni ndugu yangu," akaenda kufunga ng'ombe. Ndivyo alivyo. Hana maneno mengi, na yale machache aliyonayo hayarudishi nyuma.

Nakuambia haya mapema ili ujue mimi si mtu wa kulialia. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo, na ukikaa na wakulima wa Mbooni kutwa nzima, machozi yanakauka yenyewe.

Aliyekwenda nao kuwauguza ni Kaveke, mke wa Kilonzo. Walikaa Delhi muda mrefu wakingojea madaktari, na wakati huo wote Kilonzo alikuwa anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kiti cha kando yake, kile cha karibu na dirisha, kilikuwa cha mama mmoja mshonaji nguo aitwaye Kusum. Sisi Wakamba jina hatuliachi likining'inia hivyo, tukamwita Kusumu. Alijua Kiingereza kidogo na ukali mwingi. Alimwonyesha Kaveke mahali pa kununua mchele wa bei ya watu, akamfokea dereva wa teksi aliyetaka kuwaibia mchana kweupe. Na ile siku wakubwa wa hospitali walipowakalisha Kilonzo na Muindi ofisini kuwauliza kama kweli ni ndugu ama mmoja amenunuliwa, Kusumu aliingia bila kuitwa. Aliwaambia wale wakubwa waangalie masikio ya hao wanaume wawili, kisha waseme tena kwamba si ndugu. Wakaangalia. Wakatia sahihi.

Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumpa. Wazazi walikufa, mume alikufa, mtoto hakupata. Alikuwa na kaka mmoja tu, Devendra, na damu yao ilishapimwa zamani mama yao alipougua, ikaonekana inalingana. Lakini Kusumu aliolewa na mtu wa jamii ambayo kwao hawakuitaka, na tangu harusi hiyo kaka yake hakupokea simu yake hata moja. Kaveke alijitolea kumpa yake. Akaambiwa sheria haikubali figo ya mtu baki. Akarudi nyumbani na mume mzima, na deni la shukrani lililomkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Kitu kingine alichorudi nacho ni blogu. Kusumu alikuwa akiandika kwenye intaneti, kwa Kihindi, mambo ya kile kiti chake. Aliiita Kiti cha Dirishani. Simu ilikuwa inatutafsiria Kiswahili chake yenyewe, Kiswahili kama mchele wenye mawe, lakini ukitafuna polepole unashiba. Kila Alhamisi baada ya maombi, akina mama wa kikundi walikuwa wanakuja dukani kwangu, Kaveke anachukua simu yangu kwa sababu kioo cha yake kilipasuka, anatusomea.

Unajua mgonjwa wa figo hupimiwa maji ya kunywa? Mimi sikujua. Kusumu aliandika jinsi anavyofyonza kipande cha barafu mpaka ulimi unakufa ganzi. Aliandika kwamba anaoga akiwa amefumba mdomo, asije akajisahau akameza. Aliandika kwamba mvua ya kwao ikinyesha anakaa dirishani akiichukia. Sasa fikiria unawasomea hayo akina mama ambao wamechimba mchanga wa mto kwa mikono wakingojea maji yapande kidogo kidogo. Kavindu, mkubwa wetu pale, akasema, "Huyu ni wa kwetu. Endelea, mwaitu." Mwaitu kwetu ni mama. Nami nilikuwa nimesimama na pakiti ya mbegu za mahindi mkononi, mteja ananingojea, na sikumhudumia.

Nilimpenda yule mama. Wacha niseme tu.

Basi mwaka jana Kusumu akaandika habari za tuzo. Huko India wako waandishi wa blogu na wasomaji wao, kila mwaka wanaombana kupendekeza blogu wanazozipenda, za Kiingereza upande wake, za Kihindi upande wake, na za lugha zao nyingine. Unaandika jina lako, unakotoka, blogu unayoipenda na kwa nini. Zinazopendekezwa na wengi zinaenda kwa waamuzi, na orodha ya upande wa Kihindi inachapishwa kwenye gazeti moja la kwao. Kusumu aliandika hivi, na hapo simu haikukosea hata neno: kaka yangu hapokei simu, lakini gazeti hilo hulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, hata matangazo ya ng'ombe. Nikiwa humo, atajua naumwa. Akijua, huenda akaja.

Mwezi huo pia mkono aliokuwa anaunganishwa nao kwenye mashine ulianza kukataa sindano. Kaveke alipofika hapo alifunga simu, akatuangalia mmoja mmoja. "Tutampendekeza," akasema. "Sote."

Hapa kwetu ukisema sote, ni sote. Habari ilitangazwa kanisani pamoja na za wagonjwa. Kaveke alizaliwa Migwani, kule Kitui, kwa hivyo akapiga simu huko, nao wakatangaza. Siku ya soko watu walianza kuja dukani kabla sijatoa magunia nje. Walitoka kwenye vilima kwa miguu, wengine kwa boda boda, na wale wa Migwani walikodi gari.

Ule ukurasa wa tuzo ulitaka kila mtu na imeli yake. Nani ana imeli? Wengi wana kabambe, simu ndogo ya kupigia na kutuma pesa, basi. Wale wachache wenye imeli walifunguliwa na kijana wa saiba, lile duka la kompyuta, aliyehamia Mombasa na nywila zao zote. Kwa hivyo nilifanya kile ambacho kila mtu hapa hufanya. Hata mbegu za ruzuku zikija, wasio na simu huandikwa kwa namba yangu, ujumbe ukiingia nawaita. Niliandika imeli yangu kwa kila mmoja, kwenye simu yangu, na nikaandika walichosema kwa midomo yao. Nani angeona ubaya hapo?

Mzee Kiilu alisema, "Andika kwamba mama huyu amesema ukweli kuhusu kiu, na wanaosema ukweli kuhusu kiu ni wachache." Nthenya, aliyefiwa na mume kwa ugonjwa huo huo, alisema aandikiwe kwamba sasa anajua mumewe alikuwa akisikia nini. Kavindu alisema, "Andika nampenda." Nikamwambia, mwaitu, wanataka sababu. Akaniuliza, "Kwani hiyo ni nini?" Kilonzo alikuja akasimama kwenye foleni kama wengine, akasema yeye ndiye aliyekaa kiti cha kando yake. Muindi alikuja wa mwisho, akasema, "Andika masikio." Nikaandika.

Vidole viliniuma. Chai waliniletea, mahindi ya kuchemsha waliniletea, na kila aliyemaliza hakuondoka, alikaa kwenye magunia kungojea wenzake. Kaveke alikuwa na uso ambao sikuuona tangu Kilonzo aanze kuugua. Tulikuwa tumeshinda, kwa mawazo yetu.

Majibu yalikuja. Wale wa tuzo waliweka tangazo: blogu zilizoondolewa kwa mapendekezo ya uongo. Ya kwanza kabisa, Kiti cha Dirishani. Walisema mtu mmoja, kwa simu moja na imeli moja, amejitungia umati mzima wa watu kutoka kijiji cha Afrika ambacho hakina sababu ya kusoma Kihindi. Walisema hata majina yanaonekana ya kubuni. Kiilu! Mzee aliyezaa nusu ya mlima huu, ati ni wa kubuni.

Na gazeti lilichapisha. Orodha ya washindi waliiweka chini, kwa herufi ndogo. Juu, kwa herufi kubwa, waliweka mgonjwa aliyejaribu kuiba tuzo.

Devendra alisoma, kama dada yake alivyosema angesoma. Kwa mara ya kwanza tangu harusi alimwandikia, tena pale pale chini ya blogu ambapo kila mtu anaona. Kaveke alitusomea Alhamisi hiyo, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma kipimo cha dawa. "Kama watu wako ni wa uongo, ugonjwa wako pia ni wa uongo. Usinitafute."

Niliandikia wale watu wa tuzo matusi ya adabu. Niliwapigia picha kanisa zima likiwa limesimama nje, Kavindu mbele na kitambulisho chake kifuani. Wakajibu kwamba wanashukuru, mashindano yamefungwa, tunakaribishwa tena mwaka ujao. Mwaka ujao! Nilitupa simu kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe, na Kaveke akaiokota, akaifuta, akaanza kumwandikia Kusumu kwamba tumemuua.

Kusumu alimjibu siku hiyo hiyo, kwenye blogu. Alisema wale wa tuzo walimtumia mapendekezo yote kama ushahidi wa wizi wake. Alisema aliyachapisha kwenye karatasi kwa mtu wa fotokopi na kumlipa kwa kumshonea suruali. Huyasoma akiwa kwenye mashine, moja baada ya jingine, na akifika kwa yule wa masikio anacheka mpaka muuguzi anamgombeza. "Mimi sina ndugu anayekuja," aliandika, "lakini nina watu waliopanga foleni." Kisha akaandika kidogo kuhusu mkono. Hakukuwa na mahali pengine pa kuunganisha.

Hakuandika tena. Tuliendelea kuja kila Alhamisi, Kaveke anafungua, anakuta maneno yale yale, anafunga. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza pale muuguzi alipoweka mstari mmoja kwenye blogu kwamba kiti cha dirishani kina mtu mwingine. Kilonzo alitoka nje akasimama kwenye mvua. Alikuwa na chupa ya maji mkononi na aliyamwaga yote chini, polepole.

Mimi nililia, kama unataka kujua. Nililia kwa hasira na bado ninayo.

Na juzi, baada ya Pasaka, imeli ikaingia kwenye simu yangu. Niliitafsiri mara tatu kwa sababu sikuamini jina. Devendra. Alikuwa ameitwa kuondoa vitu vya dada yake kwenye chumba cha kupanga, akakuta cherehani, akakuta karatasi za hospitali, akakuta yale mapendekezo yetu yamelainika kwa kushikwashikwa, na imeli yangu chini ya kila moja. Hakujieleza. Aliuliza swali moja tu.

"Hao watu walikuwepo kweli?"

Nilikaa nikamwandikia. Mungu anisamehe, nilimwandikia yote. Nilimwuliza kama aliisoma hata matangazo ya ng'ombe siku hiyo. Nilimwambia kwamba figo anayotembea nayo ya ziada iendelee kumpa raha. Nilikuwa natafuta neno baya zaidi pale Muindi alipoingia dukani kuchukua dawa ya kunyunyizia maharagwe, akaniona, akauliza ni nini. Nikamsomea lile swali. Jibu langu pia nikamsomea, na lilikuwa refu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka dawa kwenye meza, akafungua vifungo, akapandisha shati na fulana, akageuka ubavu kwenye mwanga wa mlango. Kovu lake linaanzia mbavuni na kuzunguka kuelekea kiunoni. Miaka yote hii nimelala kando yake na sijawahi kulitazama mchana.

"Piga picha," akasema. "Masikio pia yaonekane."

Nilifuta yote niliyoandika. Nikapiga picha, nikaituma bila neno, nikaona imeenda. Muindi alifunga vifungo, akachukua dawa yake, akaniambia nisisahau kuiandika kwenye hesabu ya nyumbani.

Devendra hajajibu. Wale wa tuzo wamejibu, kwa sababu imeli yangu bado wanayo: wananikaribisha nipendekeze blogu niipendayo, za Kihindi zikiwemo. Kaveke ameuliza kama tunaweza kumpendekeza mtu aliyekufa. Nimemwambia Alhamisi awaite watu, na safari hii kila mmoja aje na simu yake.