Dibaji ya Bwana Varcourt

Wino ulikuwa umeganda tena. Sidonie Varcourt aliibana chupa kwapani hadi ukayeyuka, kwa kuwa kuni zilimwishia tangu Novemba. Hivyo ndivyo alivyofasiri riwaya nzima ya Kiingereza, juzuu nne, miaka minne, kwa vidole vilivyovimba kwa baridi. Alipomaliza ukurasa wa mwisho alimpelekea mchapishaji, ambaye tayari alikuwa na zile tatu za kwanza, juzuu ya nne, akataka kitu kimoja tu: jina lake kwenye jalada.

Bwana Peltrin alicheka hadi kitambi kikatikisika. "Haya, bibi. Mlete mumeo atie saini. Sheria haimjui mke peke yake."

Mume! Hippolyte alikuwa amemkimbia mwaka wa pili sasa, akilishwa na mshona kofia ng'ambo ya mto. Alipoitwa alifika mbio, nywele zikimeta mafuta. Kiingereza chake chote kilitosha kuagiza bia.

"Nitasaini," alisema, akikalia kiti pekee kilichobaki. "Ila jina liwe langu. Mke wangu atangazwe Paris nzima kama kabichi sokoni?"

"Hujasoma hata mstari mmoja, Hippolyte."

"Kwani lazima nisome? Mimi si mteja."

Sidonie aliikumbatia juzuu yake. "Basi hii naondoka nayo. Hizo tatu washieni jiko."

"Unaondoka na mali ya nani?" Peltrin aliuliza, wala hakuinuka. "Cha mke ni cha mume. Ukivuka mlango huo, bibi, nampigia kelele polisi aliye hapo chini."

Hippolyte akamnyang'anya mkewe karatasi hizo, akamkabidhi Peltrin kwa madaha, kama mtu anayegawa mkate aliouoka mwenyewe.

"Safi. Sasa dibaji," Peltrin alisema. "Mfasiri atueleze taabu zake."

Hippolyte alikodoa macho. Kisha akamsukumia mkewe kalamu. "Andika wewe. Mwandiko wako unasomeka."

Akaandika. Baridi, njaa, sentensi zilizomkataa wiki nzima. Hippolyte alisoma juu ya bega lake, machozi yakimlengalenga.

"Lo, nimeteseka mimi!" alinong'ona. "Ongeza kwamba namshukuru mke wangu."

"Kwa lipi?"

Wanaume wakatazamana.

"Kwa kahawa," Peltrin alisema. "Wasomaji wanapenda mambo ya nyumbani."

"Ya maziwa au nyeusi?" Sidonie aliuliza.

Hippolyte akakuna kidevu. Aliliwaza swali hilo kwa makini kuliko lolote alilowahi kuulizwa na mkewe.