Mkono wa Ciro

Tangu karantini ianze, Ludmila na wenzake hawakukosa Jumamosi hata moja. Saa kumi alasiri kila mmoja alijifungia chumbani kwake, akakata shingo ya chupa ya plastiki iwe kikombe, akachanganya fernet, ile pombe chungu, na kola, akawasha simu ya video ya kundi.

Kabla ya korona chupa ilikuwa moja, ikizunguka mikono mitano kwenye ngazi za mtoni, pale Rosario, Argentina. Sasa kila mtu alikuwa na yake, lakini mchezo haukubadilika: unakunywa, unanyoosha mkono pembeni, aliye kwenye kidirisha kinachofuata anajifanya anapokea. Lita ya watu watano Ludmila aliimaliza peke yake. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Kwenye simu yake aliyempa chupa alikuwa Ciro. Mkono ule uliomjia ndio alioungoja wiki nzima.

Jumamosi ya kumi na mbili alitembea mitaa sita hadi kwao Ciro. Hakuwa amekunywa. Ciro alikuja getini, barakoa kidevuni, chupa mkono mmoja, simu mkono mwingine.

"We bwege, umefuata nini? Polisi wakikudaka je?"

"Nimekuja uninyweshe hapahapa. Si kila wiki unanipa mimi?"

"Nakupa wewe?" Ciro akacheka. "Mimi nampa Abril."

Akamgeuzia simu. Kweli, kidirisha kilichofuata kilikuwa cha Abril, msichana mwingine wa kundi lao.

"Na mimi huwa nakaa wapi?"

"Chini kabisa, kwenye kona. Kila simu inapanga watu kivyake. Hukujua?"

"Ciro, unaongea na nani?" Abril alipiga kelele simuni. "Leta chupa, kiu inaniua!"

"Ludmi yuko getini."

"Getini anafanya nini? Mwambie aingie hewani, anatuchelewesha!"

"Umesikia? Kimbia nyumbani, tunakungoja," Ciro alisema, akarudi ndani.

Ludmila hakwenda mbali. Alikaa ukingoni mwa barabara, nje ya ukuta, akawasha simu yake. Dirisha la chumba cha Ciro lilikuwa wazi. Alimsikia akicheka, sekunde moja baadaye kicheko kilekile kikatoka kwenye simu.

Abril akamwandikia: "Leo hunywi?"

Alipunguza sauti ya simu hadi ikaisha, akabaki anasikiliza dirisha.