Miguu Iliyokataa Kukaa

Zulia la sebuleni kwa Verna Thorsby lilikuwa limechakaa kwa mstari mmoja, kutoka dirishani hadi jikoni, kama njia ya ng'ombe. Majuma sita alikuwa akiipita. Gauni la harusi la mteja alilopaswa kulipunguza kiuno lilikuwa bado linaning'inia mlangoni, maana kazi ya mshonaji ni kukaa, na kukaa ndiko kulikomshinda. Akiketi, miguu humwasha kwa ndani kama iliyoingiliwa na siafu. Akisimama, hupata nafuu ya pumzi tatu tu.

Mwanzoni aliisema hali hiyo. Daktari Kowalchuk akamsikiliza, Dale, kaka yake Verna, akaongeza yake, na dozi ya dawa yake ya akili ikapandishwa. Miguu ikazidi. Sasa walikuwa tena kliniki, theluji ya Saskatchewan, Kanada, ikipiga kioo, naye Verna anakizunguka chumba huku wanaume wawili wakimjadili kana kwamba hayupo.

"Hatulii, daktari," Dale alisema. "Hata kanisani anatoka katikati ya ibada. Mwaka jana ilianza hivihivi, tukamkuta shambani pekupeku kwenye theluji."

"Basi tuongeze kidogo."

Mtu akisharukwa na akili mara moja, kila kitu chake huitwa ugonjwa: akilia ni ugonjwa, akinyamaza ni ugonjwa. Verna akakifunika cheti cha dawa kwa kiganja kabla kalamu ya daktari haijakigusa.

"Niulizeni mimi! Mwaka jana nilikimbia kwa sababu sauti ziliniamuru. Tangu Oktoba zimenyamaza. Dawa imezifukuza, nashukuru. Sasa haniamuru mtu. Ni miguu. Na ulipoongeza dozi ndipo ilipopamba moto."

"Dada, sisi tunakusaidia tu."

"Mnanizika huku natembea, Dale."

Daktari alifungua faili, akarudi nyuma kurasa mbili, tatu, akalinganisha tarehe. Kalamu akaiweka chini.

"Nilipaswa kuuliza," alisema. Kisha akaeleza taratibu: dawa huziba pale dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kichwani, inapoupigia ubongo hodi. Hivyo ndivyo sauti zinavyozimika. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo huongoza mwendo wa mwili, na dawa haijui kuchagua mlango. "Tutapunguza kidogo kidogo. Ila sauti zinaweza kurudi. Siwezi kukuahidi."

"Sikuomba ahadi," Verna alijibu. "Niliomba kuketi."

Juma la tatu baada ya hapo, Verna alikula chakula cha jioni kwa Dale. Supu ya viazisukari ilikwisha bakulini naye hajainuka. Ni goti moja tu lililokuwa likitikisika chini ya meza. Dale alikuwa akimtupia jicho la pembeni tangu walipoomba baraka.

"Unasikia chochote?" hatimaye aliuliza.

Verna alitega sikio kwa dhati, maana hata yeye hakuwa na hakika.

"Nakusikia unavyotafuna."

Dale alicheka, akatikisa kichwa, akachota supu. Kijiko hakikufika mdomoni. Alikuwa bado anamtazama, naye Verna, akijua anatazamwa, akanyoosha mkono polepole akamega mkate wa pili.