Mnunuzi Hamsini na Mbili

Karatasi ile bado imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Mwandiko ni wangu, kwa wino mweusi: laki tisa na elfu arobaini, basi. Neno "basi" nililipigia mstari mara mbili kwa sababu kaka aliniagiza hivyo. Wifi yangu hajaitoa. Kila akifungua kabati kuchukua sahani hutazama pembeni, nami nikiwepo jikoni hutazama pembeni vilevile. Naandika haya kabla sijaanza kusahau mambo madogo. Makubwa hayasahauliki.

Kaka yangu alikuwa fundi wa majokofu. Wateja walimwita Barafu, naye alilipenda jina hilo, akasema ni heri uitwe kwa kazi yako kuliko kwa madeni yako. Kwa miaka tisa alibeba mitungi ya gesi na mota za majokofu kwa magari ya kukodi. Kisha akapata barua. Alipewa kazi ya kuhudumia majokofu ya chanjo katika zahanati kumi na moja, mwaka mzima, kwa sharti kwamba ifikapo tarehe mosi awe na gari lake mwenyewe la mizigo. Alipewa wiki sita. Wifi alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba ya kwanza baada ya kungoja sana, na barua ile waliisoma mezani mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Gari jipya lilikuwa ndoto ya mchana. Akaingia kwenye mnada wa mtandaoni, wa magari yaliyotumika.

Ndipo akawa profesa wa minada. Alinifundisha hata nisipouliza. Jioni moja aliniita jikoni, akanipa kalamu na karatasi.

"Andika mwisho wangu," akasema. "Halafu ubandike pale ambapo siwezi kuukwepa."

"Kwa nini niandike mimi?"

"Mtu akijiandikia sheria mwenyewe, anajua pia pa kuifutia."

Wifi akacheka, mkono juu ya tumbo. "Huyu bei ya vitunguu tu inamshinda, leo atamshinda nani mnadani?"

"Vitunguu havina kanuni, mke wangu. Mnada una kanuni." Akaanza kuzitaja huku anaonja mchuzi kwa kijiko. Usijitokeze mapema, wenzako wakajua unalitaka. Ngoja dakika ya mwisho. Usitaje namba nzima, kwa maana kila mtu husimama kwenye namba nzima. Weka mkia, elfu saba hivi, umpite mwenzako kwa unywele. Usilipende gari kabla halijawa lako. "Na ya mwisho ndiyo kubwa," akasema. "Picha hudanganya. Maelezo hudanganya. Mfuko wa mtu haudanganyi. Ukiona mtu analing'ang'ania gari, ujue ameshakwenda kulikagua kwa macho yake. Watu wawili hawagombei mfupa usio na nyama."

Jirani yetu mmoja alikuwa amenunua gari ambalo hakuna mwingine aliyeweka dau, likamfia wiki ya pili. Kwa kaka huo ulikuwa ushahidi tosha.

Alipoteza minada mitano. Karatasi ilimzuia kila mara, naye akaiheshimu. Lakini kila akirudi mikono mitupu alizidi kuwa mkimya, na tarehe mosi ikazidi kusogea.

Mnada wa sita ulikuwa wa gari dogo jeupe la mizigo, lenye mlango wa kuteleza ubavuni. Kaka alinitumia picha zake kazini.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi na huduma za mtandao. Tunawajazia watu fomu, tunawachapia barua za maombi, na wale wasiojua kompyuta tunawanunulia magari kwenye mnada huohuo, kwa akaunti ya duka yenye amana ya kudumu. Mnadani huoni majina, unaona namba. Kaka, kwa simu yake, alikuwa Mnunuzi 31. Duka letu lilikuwa Mnunuzi 52. Sikuwahi kumwambia. Hakuwahi kuuliza.

Nilizifungua picha kwenye kioo kikubwa tunachotumia kwa kadi za harusi, nikazikuza. Gari lilikuwa safi, safi kupita kiasi. Kwenye picha ya nane, iliyopigwa kupitia dirisha la dereva, kulikuwa na mkanda wa kiti. Ulining'inia kwenye nguzo kama ulimi, urefu wa kiganja, ukaishia hapo. Haukuwa umechakaa wala kuliwa na panya. Ulikuwa umekatwa mara moja, mstari ulionyooka, kama tunavyokata karatasi kwa mashine yetu pale dukani.

Nilikaa nikiutazama. Mkanda haukatwi na mtu anayeweza kuufungua.

Jioni nilimwambia kaka. Nilimwonyesha picha niliyoichapa.

"Mkanda ni kitu cha dukani, mdogo wangu. Nitanunua mwingine."

"Siongelei bei ya mkanda. Kuna mtu alikatiwa mkanda ndipo akatolewa humo ndani."

Akatazama mlango wa chumbani, wifi alipokuwa amelala. Akashusha sauti. "Usimtishe mwenzio na hali yake. Gari lilipata ajali, likatengenezwa. Magari yote ya mnadani yana historia. Yasingekuwa nayo, tungeyaweza sisi?" Akaikunja picha mara nne, akaitia mfukoni. "Siku zimebaki tisa. Unataka niende kwenye zahanati na toroli?"

Ila nilikuwa na akaunti ya duka.

Nilifikiri hivi. Mwisho wake naujua, niliuandika mwenyewe. Nikiupita kidogo tu, atasimama kama alivyosimama mara tano. Gari litabaki mkononi mwa duka, bosi atanifokea, atanikata mshahara miezi kadhaa, na kaka atakuwa hai na mwenye hasira. Hesabu ile niliiona nzuri.

Mnada ulifungwa saa nane mchana. Bosi alikuwa ametoka kula. Kwenye benchi alikaa mama mmoja na vyeti vya mwanawe, akisubiri nimtolee nakala. Dakika kumi kabla, simu ikalia. Kaka alitaka niwe naye.

"Niweke kwenye spika," akasema. "Nataka familia yote iwepo. Wifi yako yuko hapa, anatafuna kucha."

"Sitafuni, nazikata!" wifi akajibu kutoka mbali.

Nikaiweka simu kando ya kipanya. Kwa mkono mmoja nilikuwa na kaka yangu, kwa mkono mwingine nilikuwa dhidi yake.

Dakika ya mwisho ilipoingia, 31 akaweka laki nane, elfu sitini na saba. Mkia wake ule. Nikaweka laki tisa. Saa ya mnada ikajiongeza dakika mbili, ndivyo inavyofanya dau likija mwishoni.

"Ee! Kuna mtu," kaka akasema. "Hamsini na mbili."

"Huyo naye katokea wapi?" wifi akauliza.

"Mwache. Hii ni dalili njema."

Niliyasikia maneno hayo waziwazi. Hayakuniingia. Akapanda mpaka laki tisa, elfu ishirini na saba. Nami nikaupita mwisho wake: laki tisa, elfu arobaini na tano.

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe huko nyumbani.

"Kaka," nikasema, "karatasi."

"Naiona."

"Imeandikwa basi."

"Iliandikwa kabla hamsini na mbili hajaja."

Laki tisa, elfu sitini na saba. Nikabonyeza laki tisa na elfu tisini.

"Mume wangu, tuache," wifi akasema. "Nauza cherehani, nauza chochote, lakini tuache hili, tungoje lingine."

"Tuache nini? Hamwoni?" Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki tano. "Mtu hapandi hivi kwa gari bovu! Huyu amekwenda, ameingia chini, amelikagua hadi skrubu ya mwisho. Ametukagulia sisi, bure!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimekumbuka kanuni ya karatasi nikasahau ile aliyoiita kubwa. Kila nilipobonyeza kumzuia, nilikuwa namwapia kuwa gari ni zima.

Akaweka milioni moja na elfu saba. Saa ikaanza kurudi nyuma tena kutoka dakika mbili.

Nikiendelea, ataendelea. Nikiacha, amelichukua. Lilikuwepo jambo la tatu, kusema: kaka, hamsini na mbili ni mimi. Maneno machache tu. Nilifungua mdomo. Mama wa vyeti akanitazama. Nikaona aibu, sitalipamba jambo hili, ilikuwa aibu tu: ya kumchezea kaka yangu kwa akaunti ya watu, ya wifi kusikia, ya yeye kujua kwamba laki nzima na zaidi alizoongeza nilimwongezea mimi. Nikajiambia nitamwambia jioni, tukiwa wawili.

"Binti, nakala zangu vipi?" mama akauliza.

Saa ikafika sifuri. Kaka akapiga kelele mpaka spika ikakoroma. Kwenye kioo changu pakaandikwa: Dau lako limezidiwa.

Jioni nyumba ilikuwa inaimba. Sikusema.

Gari lilipofika, tulilipeleka kwa fundi wa bodi wa mtaani kwetu anayeitwa Nyundo, mtu wa maneno mengi kuliko redio. Alilizunguka akitania, akasema sasa Barafu atayeyuka kwa raha. Kisha akaanza kuligonga kwa kifundo cha kidole, mbele kuelekea nyuma, kama mtu anayebisha hodi. Ngo, ngo, ngo. Chini ya mlango, katikati, sauti ikabadilika. Ikawa nzito, kama ya ukuta. Nyundo akarudia palepale. Utani ukamwisha.

"Niachie siku mbili nifunue zulia," akasema.

"Kesho kutwa ni tarehe mosi," kaka akajibu. "Nina zahanati mbili za kuanzia."

"Barafu, nani alikuambia gari hili ni zuri?"

"Kuna jamaa tuligombana naye hadi milioni. Asiyejua kitu angefika huko?"

"Jamaa huyo ni fundi?"

Kaka akanigeukia akicheka, kana kwamba mimi ndiye wa kuulizwa. "Sisi tutamjulia wapi?"

Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kilikuwa kiatu cha kushoto, kilichofunguka kamba. Nikainama kuifunga, nikachelewa kuinuka.

"Basi usilipakie mizigo mizito," Nyundo akasema. "Na ukipata nafasi nirudishie."

Hakupata nafasi. Kazi ilikuwa nyingi na alikuwa anaipenda. Mkanda alinunua mpya kama alivyoahidi, akaufunga mwenyewe, akanionyesha jinsi unavyonasa. "Umeridhika, bibi mkaguzi?" akaniuliza.

Wiki ya tatu, akiwa na jokofu nyuma, akishuka mteremko wa kuelekea zahanati ya saba, alipita kwenye tuta ambalo watu hulipita kila siku. Gari likafunguka katikati. Lilikuwa magari mawili, nusu ya hili na nusu ya lile, yaliyochomelewa chini ya zulia. Waliomtoa waliukata mkanda.

Msibani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Wamekosea. Kaka yangu alisikia vizuri sana. Alisikia kila dau langu.

Siku ya tatu wifi alikaa karibu yangu kwenye mkeka, akanishika mkono. "Namfikiria yule hamsini na mbili," akasema. "Sijui yuko wapi leo. Ana bahati, wallahi. Aliliachia tu dakika ya mwisho." Akakiegemeza kichwa chake begani kwangu. Nilihisi mtoto akigeuka tumboni mwake, ubavuni kwangu. Sikusema.

Wiki iliyopita kituo cha polisi kilimwambia wifi aliondoe gari uani kwao. Nyundo alitushauri tulipeleke kule mnadani, liuzwe kama chuma chakavu, apate chochote cha kujifungulia. Kazi ya picha nilipewa mimi. Nilizipiga nyingi, lakini ya kwanza niliyoiweka, ile inayoonekana kabla hujabonyeza popote, ni ya mkanda. Ule mpya, uliokatwa mstari ulionyooka. Chini yake niliandika kwa herufi kubwa: LILIUNGANISHWA. LIMEUA. CHUMA TU.

"Ukianza na hiyo nani atanunua?" wifi akauliza.

"Asinunue mtu kwa kuendesha."

Leo ndiyo siku ya mwisho. Nimekaa dukani, mnada uko wazi mbele yangu. Tangu asubuhi hapakuwa na kitu. Saa saba na nusu akatokea Mnunuzi 19, akataja bei ya chuma, nikapumua. Sasa ameingia mwingine, 77. Wamepandishana mara sita. Bei ya chuma wameipita zamani.

Simu imelia, ni wifi. Sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, ina uhai.

"Unaona? Wanaligombania!"

"Naona, wifi."

Saa imejiongeza dakika mbili tena.