Barua kwa Waliobaki

Marlys Ostrander aliipata ile bahasha siku ya Jumanne, ndani ya sanduku la karatasi za marehemu Mchungaji Nygaard wa kanisa la Kilutheri, katikati ya ratiba za kwaya na orodha za wagonjwa wa kutembelewa. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya kijani: "Mchungaji Nygaard. Ifungue tukishanyakuliwa." Hata kabla hajamaliza kusoma alikwishaujua mwandiko. Ulikuwa wa Russell Haupt.

Akainuka, akaufunga mlango wa chumba cha kumbukumbu kwa ufunguo, akarudi kuketi.

Miaka hamsini nyuma Russell alikuwa kiongozi wa jumuiya ya Nyumba ya Mzabibu, katika mji wa Larsvik, kando ya Ziwa Superior. Walikuwa vijana thelathini na ushei, mahipi waliookoka: nywele mpaka mabegani, miguu peku, magitaa, na sufuria moja ya dengu kwa wote. Marlys alikuwa na miaka kumi na saba, kaka yake Gil kumi na tisa. Gil alifia ziwani mwezi wa nne, siku ya ubatizo. Russell akasema kijana alikuwa amemeza vidonge vya kulevya, na vidonge kweli vikakutwa mfukoni mwake. Jumapili iliyofuata akamsimamisha Marlys mbele ya watu wote, mama yake akiwemo, ashuhudie kwamba kaka yake amekufa dhambini. Marlys akashuhudia. Mama yake aliishi miaka thelathini na moja baada ya hapo, na hakutaja tena jina la Gil mezani.

Vuli ya mwaka huohuo Russell aliwaambia Yesu anarudi kabla theluji haijaanguka. Basi kila mmoja aandike barua kwa watakaobaki, aungame yote bila kuficha, kisha ampe mtu ambaye ana hakika hatanyakuliwa. Nani angethubutu kuandika uongo huku anaondoka kwenda kumlaki Bwana? Bonnie, mmoja wa wasichana wa nyumba ile, alimpa mama yake. Russell alimpa mchungaji wa Kilutheri, na vijana wakacheka wiki nzima.

Theluji ikaanguka. Mchungaji Nygaard hakuifungua barua, maana hakuna aliyenyakuliwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Russell alipokwenda kuidai, akaambiwa haionekani.

Marlys akaibandua bahasha taratibu, upande wa gundi, kwa kisu chembamba.

"Gil Ostrander hakumeza kitu," Russell aliandika. "Barafu ilikuwa bado inaelea. Nilimzamisha, nywele zake zikabaki juu ya maji, nikasema ubatizo haujakamilika. Aliniambia, Russ, siwezi kupumua. Nilimzamisha mara ya pili, na ya tatu. Vidonge nilivitia mimi mfukoni mwake kabla sherifu hajafika. Mwambieni mama yake, kama naye amebaki."

Hakulia. Aliisoma tena, akaipiga picha, akaikunja kama ilivyokunjwa, akairudisha ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi. Aliikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.

Kitabu cha jubilei ya Nyumba ya Mzabibu alikuwa anakiandika yeye, na ndiyo maana alikuwa akipekua masanduku ya zamani. Russell mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mchungaji wa kanisa kubwa kule juu mlimani, ndiye aliyemwomba. Alhamisi Marlys akaenda kwake na kinasa sauti.

"Dada Marlys! Ingia, ingia, utaganda. Kahawa ipo, na pai."

"Asante, ndugu Russell."

Alimwacha aongee. Akaongea kuhusu magitaa, kuhusu polisi waliowafukuza ufukweni, kuhusu mlevi aliyeokoka akiwa juu ya mti. Marlys alicheka palipotakiwa kuchekwa. Kisha akauliza, "Na Gil? Nimwandikeje?"

Russell aliweka uma chini. "Mwandike kwa upole. Alirudi nyuma, basi. Vidonge vilimshinda."

"Kwa hiyo ni vidonge."

"Dada, si wewe mwenyewe ulishuhudia?"

"Nilikuwa mtoto. Ndiyo maana namuuliza mtu mzima. Hakuna kitu unachokumbuka tofauti, hata kidogo?"

Alimtazama machoni na kumsubiri. Katika kusubiri hakuwa na mpinzani.

"Hakuna," Russell akasema. "Nimemwombea miaka yote. Kata kipande kingine."

"Kimoja kinatosha. Na zile barua, Bonnie ameshakusanya kumi na moja. Watu wanataka zisomwe siku ya jubilei."

"Upuuzi wetu ule!" Alicheka hadi akakohoa. "Zisomwe, tucheke. Yangu, bahati mbaya, ilipotelea kwa Walutheri."

"Pole," Marlys akasema, akazima kinasa sauti.

Sherifu wa wakati ule alikuwa amekwisha kufa, na mahakama hakuitaka. Alichotaka kilikuwa ni kinywa cha Russell, kiseme mbele ya watu, kama alivyosemeshwa yeye. Vitabu alivichukua mwenyewe kwenye kiwanda cha uchapaji, akavifungia ndani ya gari mpaka siku yenyewe.

Ukumbi ulijaa watu mia mbili. Kulikuwa na viazi vya kuokwa kwa jibini, nyama ya nguruwe, na birika la kahawa kubwa kama pipa. Vitabu viligawiwa wakati Bonnie anasoma, na hakuna aliyevifungua, maana Bonnie alikuwa anawaua kwa vicheko.

"Mama," Bonnie alisoma, "ukiona kitanda changu kitupu usipige simu polisi. Mlishe mbwa, yeye hanyakuliwi. Na yule mpira wako wa maji ya moto niliutoboa mimi, siyo shangazi."

"Na shangazi alilaumiwa!" mtu akapiga kelele.

"Mpaka anakufa!" Bonnie akajibu.

Marlys akapita mbele, akampa Russell bahasha. "Imepatikana, ndugu. Bado imefungwa."

Rangi ilimtoka usoni. Akaigeuza, akaona gundi, na damu ikamrudia polepole.

"Soma! Soma!" watu wakapiga meza.

Akaichana. Macho yake yalikwenda mstari kwa mstari, halafu yakaiacha karatasi na kuinuka. "Mpendwa Mchungaji Nygaard," akasema kwa sauti yake ya mimbarini, "nisamehe kwa kukudhania vibaya. Kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko nywele zangu..." Watu wakacheka. Akaongeza maneno kuhusu upendo. Mwanamke mmoja alifuta machozi.

Marlys alingoja mpaka makofi yaishe.

"Ukurasa wa tisa, jamani," akasema. "Barua yenyewe nimeipiga picha. Wino wake wa kijani umeonekana vizuri."

Ukumbi mzima ukafungua vitabu. Mnong'ono ukaenda meza kwa meza. Bonnie alisoma kwa kidole, akafika mwisho, akarudi juu. Akainua uso akamtazama Russell kama mtu asiyemfahamu.

Russell aliinama karibu na sikio la Marlys. "Nimewahudumia watu hawa miaka hamsini, dada."

"Na kaka yangu amekuwa mla vidonge miaka hamsini," Marlys akasema, bila kushusha sauti. "Keti. Kuna ambao hawajamaliza kusoma."