Mtetemeko wa Namba Kumi na Sita

Fundi Ssekimpi wa Nyendo alijua kushona vitu viwili tu, suruali za jinzi na mabegi ya shule, lakini ukimsikia akijisifu ungedhani cherehani ameibuni yeye. Basi alipomposa Nabbosa, akaambiwa apeleke gomesi, lile vazi refu la heshima la Kiganda, ya mama mkwe kuvaa siku ya utambulisho, alikataa katakata kununua iliyoshonwa. Angeishona mwenyewe, tena ya hariri ya zambarau. Rafiki zake wakamwonya. Mama huyo alishona gomesi miaka thelathini mpaka macho yakachoka, na alishatangaza kwamba asipoipenda haivai. Sasa mama mkwe akitokea mbele za wageni na gomesi yake kuukuu, nani asiyejua kwamba posa hiyo imetumbukia nyongo?

Kumpima hakukuwezekana. Mkwe hamsogelei mama mkwe wala hamgusi. Akithubutu, obuko unamshika, mikono inamtetemeka maisha yake yote. Nabbosa alimpima mama yake kwa kamba, akamletea ikiwa na mafundo, la bega, la kiuno na la kimo. Hata hiyo kamba Ssekimpi aliishika kwa vidole viwili.

Jumatano akaketi kwenye cherehani. Mshono wa kwanza tu, hariri ikalia ta-ta-ta. Sindano ikaruka, ikachuna nyuzi, kitambaa kikajikunyata. Akafumua, matundu yakabaki yanamtazama. Akarudia, mambo yakawa yale yale. Alipoitazama mikono yake, ilikuwa inatetemeka.

"Obuko!" akapiga ukelele. "Kamba ile ilimgusa!"

Sindano yenyewe hakuitupia hata jicho. Ilikuwa namba kumi na sita, ile ile iliyokuwa ikitoboa jinzi tangu Pasaka. Kwa Ssekimpi sindano ilikuwa sindano, ilimradi ina tundu la uzi.

Akarukia baiskeli hadi kwa Ssenga Nakayiza, shangazi yake Nabbosa, ambaye ndiye msimamizi wa posa. Alimkuta uani anamenya ndizi.

"Ssenga, nimekwisha! Obuko umenishika!"

"Mungu wangu! Umemgusa wapi?"

"Sijamgusa, nimeshika kamba yake. Sasa cherehani imegoma, hariri yote imetoboka. Tazama mikono!"

"Mikono gani? Si umetoka kupanda mlima na baiskeli?" Ssenga akasita, akatazama ukuta wa jiko. "Mwanangu, punguza sauti. Wifi yangu yuko nyuma hapo tangu asubuhi."

Wifi yake ndiye mama mkwe. Ssekimpi akaishika baiskeli atoke mbio, lakini sauti ikamwahi kutoka nyuma ya ukuta.

"Nakayiza, muulize huyo mtu anashona hariri kwa sindano namba ngapi."

Ssenga akamgeukia. "Unaulizwa, sindano namba ngapi?"

"Mwambie kumi na sita."

"Anasema kumi na sita."

Sauti ikarudi kutoka nyuma ya ukuta. "Muulize kama ananishonea gomesi au gunia la kahawa."

"Unaulizwa kama—"

"Nimesikia, Ssenga."

"Hujasikia! Subiri uambiwe."

Basi akaambiwa. Hariri ni namba tisa, au kumi na moja, tena mpya. Kitenge na popilini, kumi na nne. Hiyo kumi na sita ni ya jinzi, na turubai litafutiwe kumi na nane. Fulana inataka sindano yenye ncha butu kidogo, isogeze nyuzi badala ya kuzikata. Na sindano ikishakula jinzi miezi miwili, itupwe.

"Mwambie pia huo si obuko, ni ujinga."

Ssenga aliyafikisha yote neno kwa neno, na hilo la ujinga alilirudia mara mbili. Kisha akazunguka ukuta, akarudi na sindano moja iliyochomekwa kwenye kitambaa, akaiweka chini ili Ssekimpi aiokote mwenyewe.

Ilikuwa namba tisa. Alipoifunga, hariri ikapita kimya, mshono ukanyooka, na mikono ikatulia tuli. Kilichobaki ni yale matundu. Pesa ya hariri nyingine hakuwa nayo, kwa hiyo aliyafukia ndani ya pindo la chini, akapiga pasi, akaomba Mungu. Ijumaa gomesi ikapelekwa.

Jumamosi, siku ya utambulisho, hakuthubutu kutazama upande wa kina mama. Alichungulia kwa pembe ya jicho tu, akaiona zambarau. Ameivaa! Machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

Ssenga akaja akamwinamia sikioni. "Nina ujumbe wako. Amefunua pindo. Matundu ameyahesabu, ni kumi na saba."

Ssekimpi akanywea ndani ya kanzu yake.

"Na amesema, utakapomshonea mkeo, asikute hata moja."

Mkeo! Ssekimpi akainua kichwa. Pale mbele, wasemaji wa pande mbili walikuwa bado wanabishana kama apewe mke au arudi kwao.