Mfuko wa Bluu Uliobaki Getini

Getini mlinzi alisema mifuko ya plastiki haiingii hifadhini, tungeichukua wakati wa kutoka. Mume wangu akaanza kubishana. Nikamwambia sheria ni sheria, nikampa mlinzi yote minne bila hata kuifungua. Mizigo niliipanga mwenyewe. Nani angenifundisha kilichomo?

Kilomita kumi na mbili mbele, kwenye jumba la maonyesho, binti yetu Kasuku, mwenye miaka saba na mdomo usiojua likizo, alikuwa akimhoji mhudumu.

"Huyu simba amekufa kweli?"

"Kweli kabisa."

"Mbona amenuna?"

"Hata wewe ungejazwa pamba ungenuna, bibie."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka ule mluzi wa kifuani ninaoujua. Vumbi la manyoya. Nikafungua mkoba kutafuta dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta. Haikuwemo. Niliitia kwenye mfuko wa bluu, peke yake, ili isipotee.

"Iko getini," nilisema.

Baba yake hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Alichukua funguo za gari akatoka mbio. Kasuku hatukuthubutu kumpakia. Vumbi la barabara ile lingemmaliza.

Mhudumu akapiga simu ya upepo. "Tafuteni mfuko wa bluu, kuna dawa ya mtoto."

"Karibu yote ni ya bluu," sauti ya getini ikajibu. "Ipo kama sabini."

"Fungueni yote!" nilipiga kelele.

Tulimkalisha kwenye benchi barazani, ameinama mbele, mabega yakipanda na kushuka. Nikamwambia avute kwa pua. Nikamwambia atoe polepole. Nikamwambia asilie, kulia kunakula pumzi. Midomo yake ilianza kupauka. Mimi, mtu wa orodha na mipango, nilikaa pale na mikono mitupu, sina hata cha kushika.

Simu ya upepo ikakwaruza. "Imepatikana. Mzee ameondoka nayo sasa hivi."

"Atachukua dakika ngapi?" nikauliza.

Mhudumu alitazama barabara.

"Umesikia, mama?" nikamwambia Kasuku. "Baba anakuja. Kaa wima kidogo, vuta kwa pua, usi—"

Kasuku akainua mkono, akaniwekea vidole mdomoni. Hakuwa na pumzi ya kunisikiliza.

Nikanyamaza.